Ganzi ya vidole: upasuaji wa wazi au wa kamera?

Ganzi hii ni nini hasa?
Mshipa wa fahamu uendao vidoleni hupita kwenye upenyo mwembamba wa kifundo cha mkono, umebanana na kano tisa, na juu yake pana ukanda mgumu. Ukibanwa, hufa ganzi kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho husalimika. Usiku ndipo huzidi, mtu akaamka anakung'uta mkono. Madaktari huuita ugonjwa huu kapo taneli.

Maumivu yameisha, imebaki ganzi tu. Si nimeshapona?
La, hujapona. Mshipa unaokufa hunyamaza. Juzi mama mmoja auzaye mahamri Kongowea alinijia akishukuru kwamba kuchuliwa kumemfaa, maumivu yamekwisha. Nikamwekea shilingi mezani aiokote. Hakuweza. Aliisukuma mpaka ukingoni, akaikinga kwa mkono wa pili. Nyama ya chini ya gumba ilikuwa imebonyea.

Lakini mkono bado unashika sufuria!
Sufuria hushikwa kwa kiganja kizima. Jaribu sindano, jaribu kifungo cha shati. Ganzi isiyoondoka mchana kutwa ni ya kwenda hospitali wiki hii, si baada ya Idi.

Mchuaji anasema ni upepo.
Basi auchue huo upepo. Ukanda haulainiki kwa mafuta ya karafuu.

Hakuna tiba kabla ya kisu?
Ipo, ukiwahi: kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala, au sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Kwa wajawazito mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Pima sukari pia, na tezi ya shingo, kwani huweza kuchangia ganzi hii.

Upasuaji upi bora?
Wote hukata ukanda uleule. Wa wazi hupasua kiganja sentimita chache, daktari akaona kila kitu kwa macho. Wa kamera hupitia tundu dogo kifundoni. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeona kuwa baada ya miezi kadhaa nafuu ya ganzi na maumivu karibu ni sawa. Kamera hurudisha watu kazini mapema zaidi, kwa wastani kama wiki moja, na kovu halisumbui sana. Ila mshipa huweza kuchokozeka kwa muda, hilo hutokea zaidi kwa kamera, na gharama yake kwa kawaida ni kubwa.

Basi nichange pesa za kamera kwanza?
Hapana, ndugu yangu, hapana! Ungoje mwaka mzima ili uokoe wiki moja? Biashara gani hiyo? Kama wa wazi unapatikana sasa, fanya sasa.

Nitarudi lini kukanda unga?
Vidole vichezeshe siku hiyohiyo. Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi. Nguvu ya kushika huchukua miezi. Na kovu bichi lisichuliwe!

Mama yule alipasuliwa kwa njia ya wazi. Ganzi imepungua. Shilingi bado inamshinda.