Unyumbufu si ulaini

Juzi nimelisikia tena neno nyumbufu likitumiwa vibaya, kwenye karakana ya samani hapa Dodoma. Fundi anapinda kipande cha MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) kilichokatwa nakshi kwa leza, mteja anashangaa, naye fundi anamwambia, "Hii ni nyumbufu, yaani laini." Hapana, ulaini ni jambo jingine kabisa.

Nakshi nyumbufu ni mapambo ya mikato yaliyosanifiwa kwa kompyuta ili ubao mkavu upinde kwa kiasi kilichokusudiwa, mahali palipokusudiwa. Programu inaugawa mchoro vipande vidogo vidogo, inakokotoa kila kimoja kitapinda kiasi gani, kisha inarefusha mkato huu na kupunguza upana wa kijiti kile kilichobaki kati ya mikato, mpaka nakshi ipendeze na ubao utii.

Sasa neno lenyewe. Kunyumbua ni kuvuta kitu kikavutika bila kukatika. Wengi tulikutana nalo darasani, kwenye mnyumbuliko wa vitenzi: piga, pigia, pigwa, pigana. Kitenzi kinavutwa huku na huku, lakini mzizi pig- uko palepale. Katika fizikia, unyumbufu ni tabia ya kitu kurudia umbo lake kani ikiondoka. Chukua udongo wa mfinyanzi: ni laini, ukiubonyeza alama ya kidole inabaki, basi si nyumbufu. Springi za lori la alizeti linalotoka Singida huwezi kuzipinda kwa mikono, ila magunia yakishushwa zinanyanyuka. Chuma kile kigumu ndicho nyumbufu.

Na ule ubao wa fundi haujalainika hata kidogo. Kipimo cha jinsi mada inavyokataa kuvutwa au kubonyezwa, kinachoitwa kwa jina la mwanasayansi Thomas Young, ni kilekile cha kabla ya leza kupita. Kilichobadilika ni umbo. Kati ya mkato na mkato kumebaki vijiti vyembamba, na ukipinda ubao kila kijiti kinasokoteka kidogo tu. Misokoto hiyo midogo ikijumlishwa, ndiyo mpindo mkubwa unaouona kwa macho. Zidisha nguvu, kijiti kinavunjika kama MDF yoyote, kwa sababu bado ni MDF.

Kwa hiyo fundi wangu, mteja akiuliza, mwambie nakshi imeufanya ubao upindike kirahisi na kurudi. Laini ni ile sponji utakayoweka juu yake.