Sato na kamongo: ubongo wa mbele hukunjwa kwa njia mbili

Weka mezani vichwa viwili vya samaki wa Ziwa Victoria, cha sato na cha kamongo. Ubongo wa mbele wa kamongo utakuta unafanana na wa chura kuliko wa sato. Kamongo (Protopterus aethiopicus) ni wa ukoo wa mapezi yenye nyama, ambao ndimo walimotoka wanyama wa miguu minne. Sato ni wa ukoo wa mapezi ya miale.

Tofauti huanzia kwenye kiinitete, pale ubongo ungali mrija wa neva. Kwa kamongo, kuta za mrija hutuna pembeni na kufanya vifuko viwili, kila kimoja na ventrikali yake (chumba chenye majimaji) ndani. Papa, chura na binadamu wako hivyohivyo. Kwa sato kuta hupinduka nje kama kola ya shati, na paa hutanuka hadi likabaki utando mwembamba. Ventrikali ni moja tu, nayo iko juu ya tishu; ukikata mkingamo ina umbo la T.

Utando huo ndio unaoponza wengi. Hung'oka pamoja na mfupa wa fuvu, kisha mwanafunzi anaandika kwamba sato hana ventrikali. Mimi hufungua fuvu kuanzia kisogoni, ncha ya mkasi ikielekea juu, nikitoa mfupa vipande vidogovidogo. Kichwa kizima hukiingiza kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi: sehemu 1 ya formalini ya dukani kwa 9 za maji. Fanyia kazi hiyo penye hewa. Fuvu lisipofunguliwa kwanza, dawa huchelewa kufika na ubongo huoza humohumo. Usiutoe kabla haujakakamaa. Kwa kambale jihadhari zaidi: bulbu zake za kunusa (vivimbe vya ubongo vinavyopokea harufu) ziko mbele karibu na pua, zimeungwa na ubongo kwa mikia mirefu inayokatika ukivuta. Za sato zimeshikamana na ubongo.

Kupinduka kwa kuta huko pia huhamisha ramani ya maeneo ya ubongo. Kwetu sisi hipokampasi, eneo la kumbukumbu, hutokana na paliamu (sehemu ya juu ya ubongo wa mbele) ya upande wa ndani. Kwa sato eneo hilo limesukumwa nje. Anayelitafuta karibu na mstari wa katikati atajikuta kwenye eneo linalolingana na amigdala, sehemu inayohusika na hofu. Watafiti wa Seville, Hispania, walilipima jambo hili kwa samaki wa dhahabu: paliamu ya pembeni ikiharibiwa, kumbukumbu ya mahali huvurugika, ya katikati ikiharibiwa, samaki hushindwa kujifunza kukwepa hatari. Hata hivyo ramani haigeuki kwa usafi huo kila mahali. Eneo la nyuma linalopokea harufu haliko pale ambapo kupinduka kwa kawaida kungeliweka, na ubishi wake haujaisha.

Je, kati ya njia hizi mbili, ipi ni ya kale? Lamprei, samaki asiye na taya, ana vifuko, kwa hiyo umbo la sato ndilo lililozuka baadaye. Maabara ya Sten Grillner huko Karolinska, Sweden, imeonyesha kwamba lamprei ana striatamu (eneo la ndani linalosaidia kuongoza mwendo) inayotumia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za neva, na paliamu yake hupokea habari za macho na za mwili. Dhana ya zamani kwamba ubongo wa mbele wa samaki ni wa kunusa tu haisimami hata kwake.