Plagi imeungua, birika ni zima

Ninapofundisha usalama wa umeme majumbani huwa nabeba plagi moja ya pini tatu. Pini moja imekuwa nyeusi na plastiki iliyoizunguka imevimba. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani bado ni nzima. Mwenye nayo alililaumu birika, akanunua jipya, na soketi ikaendelea kunuka moshi.

Ligeuze birika lako usome kibandiko cha chini. Tuseme kimeandikwa 230V, 2000W. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo gawa 2,000 kwa 230: unapata ampea 8.7. Huo ndio mkondo unaopita kwenye waya wako kila unapochemsha maji ya chai. Ukitaka ukinzani, yaani kiasi ambacho birika linauzuia mkondo, unaopimwa kwa omu, gawa volti kwa ampea. 230 kwa 8.7 ni omu 26 na ushei. Kanuni hiyo aliichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, na unaweza kuihakiki mwenyewe: chomoa birika, washa swichi yake, pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), ukiiweka kwenye omu, kati ya pini mbili zinazopitisha umeme, ukiacha ile ndefu ya ethi. Utasoma namba iliyo karibu na hiyo.

Omu hizo hazibadiliki sana; kinachopanda na kushuka ni volti. Jioni umeme ukipungua hadi volti 180, mkondo unashuka hadi ampea 6.8 na birika linabaki na wati 1,225 hivi. Maji yanachelewa kuchemka, ila uniti za LUKU zinazoliwa ni karibu zile zile, kwa kuwa nguvu imepungua na muda umeongezeka. Friji ni habari nyingine: mota yake ikishindwa kuanza kwa volti ndogo huvuta mkondo mkubwa, na hapo inaweza kuungua.

Sasa turudi kwenye plagi. Ndani ya soketi iliyochakaa, vibati vinavyobana pini vimelegea. Vinagusa pini kidogo tu, na mguso huo hafifu una ukinzani wake. Chukua nusu omu. Inaonekana si kitu mbele ya omu 26, lakini joto linalozalishwa hapo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 8.7 × 8.7 × 0.5, karibu wati 38. Ni nguvu ya chuma cha kulehemu cha fundi redio, kimefungiwa ndani ya plastiki ukutani kwako!

Fyuzi haikati, kwa sababu yenyewe inaangalia mkondo tu, na mkondo haujazidi. Hili ndilo ninalotamani kila nyumba ilijue.

Ukiwa na ekstensheni, mambo huharibika haraka zaidi. Ongeza pasi ya wati 1,200 pembeni ya birika: mkondo wa pamoja unakaribia ampea 14, na pale penye nusu omu joto linaruka hadi wati 97 hivi. Mkondo haujafika hata mara mbili, joto limepita mara mbili na nusu.

Kwa hiyo plagi ikiwa ya moto kuishika baada ya kuchemsha maji, usisubiri inuke. Zima swichi, chomoa, na umwite fundi umeme abadilishe soketi na plagi kwa pamoja. Vibati vilivyokwisha kulegea kwa joto havibani tena, na pini iliyoungua ikichomekwa kwenye soketi mpya itaanza kuipasha hiyo nayo.