Utata wa makusudi ni nini?

Ipo migogoro ambayo ukimlazimisha kiongozi aseme leo hii nani ana haki, mazungumzo yanavunjika papo hapo. Kwa migogoro ya namna hiyo wanadiplomasia wana njia tunayoweza kuiita utata wa makusudi: kuandika sentensi ambayo kila upande utaisoma bila kuusaliti msimamo wake, ili mengine yaendelee huku swali gumu likisubiri. Anayehusishwa sana na dhana hii ni Henry Kissinger, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa mshauri wa Rais Nixon. Wengi huiona kuwa ni funika kombe mwanaharamu apite. Mimi naona wanakosea, na suala la Taiwan linaonyesha kwa nini.

Rais Richard Nixon alipokwenda China Februari 1972, Beijing, yaani China bara, na Taipei, yaani Taiwan, kila moja ilidai kuwa ndiyo serikali halali ya China nzima, na Marekani bado ilikuwa inaitambua Taipei. Katika Tamko la Shanghai, tamko la pamoja la ziara hiyo, Marekani iliandika kuwa inaelewa kwamba Wachina wote, wa pande zote mbili za mlango-bahari wa Taiwan, wanashikilia kuwa China ni moja na Taiwan ni sehemu yake, na kwamba haiupingi msimamo huo. Soma tena polepole. Marekani haikusema China ni moja. Ilisema inajua kuwa Wachina wanasema hivyo. Uzito wote umebebwa na kitenzi kimoja. Mwaka 1979, nchi hizo zilipoanzisha uhusiano kamili, maandishi ya Kichina yaliweka kitenzi kizito zaidi, chenye maana ya kukubali. Kitenzi cha Kiingereza hakikubadilika, na Marekani ikashikilia hicho.

Ninayemheshimu zaidi katika habari hii ni Zhou Enlai, waziri mkuu wa China. Oktoba 1971 Kissinger alimpelekea rasimu ya maneno matamu yaliyozoeleka, naye akaikataa. Alitaka kila upande uandike waziwazi unapotofautiana na mwenzake, kisha ndipo yafuate yale machache wanayokubaliana. Kwa hiyo utata ukawekwa pale palipouhitaji, na tofauti nyingine zikasemwa bila kufichwa.

Mara nyingine utata hukaa kwenye neno dogo kuliko kitenzi. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Novemba 22, 1967, lilisema amani inahitaji majeshi ya Israeli yaondoke katika maeneo yaliyokaliwa kwenye vita vya karibuni. Yote, au baadhi? Kiingereza kinacho kijineno, “the”, ambacho kingeonyesha kuwa ni maeneo yaleyale yanayojulikana, lakini hapo hakikuwekwa. Katika maandishi ya Kifaransa kipo. Ubishi huo upo hadi leo. Kiswahili hakina kijineno cha aina hiyo, kwa hiyo tafsiri yetu inabaki na utata uleule. Mtafsiri akiongeza “yote”, ameshachagua upande.

Ila utata si hila. Mkataba wa Wuchale wa 1889, kati ya Ethiopia na Italia, ulikuwa na ibara ya 17 iliyosema mambo mawili. Kwa Kiamhari, Mfalme Menelik II angeweza kuwatumia Waitalia kuwasiliana na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano, alilazimika. Italia ikatangaza kuwa Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba, na Machi 1, 1896 jeshi la Italia likashindwa vitani Adwa. Kule Shanghai wote wawili walijua sentensi ina milango miwili. Wuchale, Menelik alioneshwa mmoja tu.

Hata utata wa haki una gharama. Mapatano ya Ireland ya Kaskazini ya Aprili 10, 1998 yalivitaka vyama vitumie ushawishi wowote vilivyo nao ili silaha za makundi yenye silaha ziharibiwe ndani ya miaka miwili. Wanaotaka kubaki Uingereza walisoma hapo sharti la kuketi serikalini pamoja na Sinn Féin, chama cha wanaotaka kuungana na Ireland, kilichohusishwa na kundi lenye silaha la IRA. Sinn Féin wakasoma ahadi ya kujitahidi. Serikali ya pamoja ikasimamishwa zaidi ya mara moja. Uharibifu wa silaha za IRA ulithibitishwa Septemba 2005, na Mei 2007 Ian Paisley, wa upande wa kubaki Uingereza, na Martin McGuinness wa Sinn Féin, mahasimu wa miongo mingi, wakaanza kuongoza serikali moja.