Mbunge wa Marekani, kodi na gharama za kuishi mbali na nyumbani

Dhana: Mbunge wa Kongresi huondoa gharama zake zote za kuishi Washington kabla ya kutozwa kodi.

Haondoi hata senti. Mwaka 1952 sheria ilitamka kwamba nyumbani kwake ni kule alikochaguliwa, yaani akiwa Washington yuko mbali na nyumbani, hivyo akaruhusiwa kupunguza gharama za kuishi huko, zisizozidi dola 3,000 kwa mwaka, kwenye kipato kinachotozwa kodi. Gharama za kupanga nyumba zikapanda miaka nenda rudi, kikomo kikabaki palepale, mpaka ruhusa yenyewe ilipofutwa na sheria ya kodi ya Desemba 2017. Mara moja tu, mwaka 1981, Kongresi ilijiondolea kikomo hicho. Wananchi walikasirika kiasi kwamba mwaka uliofuata kikarudishwa.

Dhana: Zilikuwa dola 3,000 za bure.

Kilichopungua ni kipato cha kutozwa, si kodi yenyewe. Kwa aliyekuwa kwenye kiwango cha asilimia 28, unafuu ulikuwa dola 840.

Dhana: Basi tangu 2017 hakuna mtunga sheria mwenye upendeleo.

Hapa ndipo wengi hupotea, na ndipo ningetaka mlipakodi akodoe macho. Wajumbe wa mabunge ya majimbo wana kifungu chao kwenye sheria ya kodi, 162(h), na hicho hakikufutwa. Anayeishi zaidi ya maili 50 kutoka jengo la bunge la jimbo lake anaweza kuchagua kuhesabiwa kuwa yuko safarini kila siku ya bunge. Halazimiki kuonyesha risiti za hoteli wala chakula: siku zinazidishwa kwa kiwango cha posho ya kujikimu, na jumla yake inahesabiwa kuwa gharama zake za safari, basi. Hata mapumziko ya siku nne mfululizo au pungufu yanaingia kwenye hesabu, ingawa huenda alizimaliza akiwa kwake na familia. Dereva wa lori anayelala njiani hapewi ukarimu wa namna hiyo, na kwangu hilo si haki.

Dhana: Wa Kongresi ameachwa ajitegemee kwa mshahara tu.

Mshahara wake ni dola 174,000 tangu 2009. Ila kuanzia 2023, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaweza kurejeshewa gharama za malazi na chakula wanapokuwa Washington kikazi. Fedha hizo hutoka kwenye bajeti ya ofisi ya mbunge, yaani kwenye hazina ileile ya umma.