Inesha haimsukumi mtu

"Dereva kapiga breki, nguvu ya inesha ikaturusha mbele." Wiki haipiti bila kuisikia sentensi hii, na wanaoitamka si watu walioikimbia fizikia. Nimeisikia kwa walimu wa udereva, nimeisikia kwa mtu mwenye kidato cha sita cha sayansi. Wote wana nia njema, maana kwa kawaida wanatetea mkanda wa kiti. Lakini inesha si nguvu, na haijawahi kumrusha mtu popote.

Inesha ni ile tabia ya kila chenye masi, yaani kiasi cha maada iliyomo ndani yake, kubaki na mwendo wake: kilichotulia kitulie, kinachokwenda kiendelee kwenda kwa kasi ileile na kwenye mstari ulionyooka, hadi kani, ndiyo hiyo mtaani inayoitwa nguvu, itokee ya kukibadilisha. Masi ikiwa kubwa, inesha nayo kubwa. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kani ni jambo jingine. Kani ni kusukuma au kuvuta, na kila kani ina mwenyewe. Ukidai umesukumwa, taja aliyekusukuma: mkono, ukuta, upepo. Sasa umesimama ndani ya daladala la Mbagala na dereva anakanyaga breki. Nani kakusukuma mbele? Kiti hakikukugusa. Aliye nyuma yako naye anapepesuka kama wewe. Hakuna. Breki zimebana magurudumu, lami ikazishika tairi, gari likapunguza mwendo. Miguu yako ikapunguzwa pamoja na sakafu, ila kiwiliwili hakijapata habari. Kinaendelea na safari.

Tena ukizitafuta kani za kweli katika tukio hilo, utakuta zinakuvuta nyuma. Chukua abiria wa kilo 70, gari liko kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na linasimama ndani ya sekunde 2. Ili asimame pamoja nalo anahitaji kani ya nyutoni 350, karibu sawa na ya kushikilia mzigo wa kilo 35 usidondoke. Ataipata wapi? Kwenye bomba aliloshika juu, na kwenye msuguano wa soli zake na sakafu. Ndiyo maana kiganja kinauma. Mwenye simu mkono huu na mfuko wa nyanya mkono ule hana pa kuipata, kwa hiyo anaazimwa na mgongo wa jirani, mara nyingi pamoja na maneno.

Kosa lenyewe lina ukoo wa heshima, nikiri. Wafuasi wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa karne nyingi waliamini kwamba kinachokwenda sharti kisukumwe muda wote, na anayesukuma mkokoteni wa mizigo Kariakoo hatakuwa na sababu ya kuwabishia: akiacha kusukuma, unasimama. Galileo, mwanasayansi wa Italia, ndiye aliyeviringisha tufe kwenye mbao zilizoinama na kuona kwamba kadiri kizuizi kinavyopungua ndivyo safari inavyorefuka. Mkokoteni haukuchoka, umesimamishwa na msuguano. Ukitaka kumwona Aristotle anaumbuka, panda pantoni ya Kigamboni. Ikikaribia gati, nahodha hawezi kuzima tu injini akatumaini itasimama yenyewe. Maji hayashiki kama lami, na chombo kizito namna ile kingeteleza hadi kuigonga gati. Lazima msukumo ugeuzwe mapema uelekee nyuma.

Akaja Newton, mwanafizikia wa Uingereza, na katika kitabu chake cha 1687, kwa Kilatini, akaiita inesha nguvu! Wabishi hupenda kunitajia hilo. Wasichotaja ni kwamba palepale aliitenga na kani inayotoka nje, na akasema hiyo ya nje ndiyo inayobadilisha mwendo wa kitu. Jina lilibaki, tofauti ikasahaulika.

Kuna na wale wanaosema gari likiongeza kasi inesha yake inapanda. Haipandi. Gari la tani 2 lina inesha ileile likiwa limeegeshwa Posta au likiwa kilomita 100 kwa saa. Kinachopanda ni zao la masi na mwendo, na hicho ndicho kinachofanya kulisimamisha kuwe kazi. Kwa kilomita 60 kwa saa, gari likigonga nguzo na kusimama papo hapo, asiyefunga mkanda anakifuata kioo kwa mwendo ambao angeupata akianguka kutoka kimo cha mita 14 hivi.

Kwenye kona, ambako watu husema wametupwa nje, sina ugomvi mkubwa. Wahandisi wanapopiga hesabu kana kwamba wamekaa ndani ya chombo kinachokata kona, huongeza kani ya kubuni inayoelekea nje ili hesabu zikae sawa, na wanajua kabisa ni ya kubuni. Abiria wa bajaji anayelalamika katupwa nje anaisahau sehemu hiyo ya mwisho. Bajaji imekata kulia; yeye alikuwa bado anakwenda mbele, na ubavu wa kushoto wa bajaji ndio uliomfuata begani na kumsukuma aungane na wenzake. Akitaka kulalamika, alalamikie ubavu.