Sindano ya steroidi kwa retina iliyovimba: maswali kutoka Kigoma

Mama yangu anauza dagaa hapa Mwanga, na ana sukari kwa miaka mingi. Siku hizi anasema nondo za dirisha anaziona zimepinda. Daktari kasema retina imevimba. Imevimbaje?

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma kabisa ya jicho, unaopokea mwanga. Katikati yake pana sehemu ndogo iitwayo makula. Hiyo ndiyo mama anayoitegemea kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mteja. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya damu huchakaa na kuvujisha maji. Maji yakituama kwenye makula, kilichonyooka huonekana kimepinda. Mwambie afunike jicho moja atazame zile nondo, kisha abadilishe, kwa sababu jicho zima huficha ubovu wa mwenzake.

Steroidi si dawa ya pumu?

Ni ukoo mmoja. Hutuliza uvimbe na kupunguza kuvuja kwa mishipa. Vidonge vyake hupandisha sukari, kwa hiyo kwa retina ya mgonjwa kama mama dawa hudungwa ndani ya jicho lenyewe, baada ya jicho kutiwa ganzi.

Watafiti wamefikia wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wengi walivutiwa na triamsinoloni, aina mojawapo ya steroidi, kwa sababu uvimbe ulishuka upesi. Mwaka 2008 utafiti mkubwa wa Marekani ukawarudisha nyuma: miezi 4 baada ya sindano, waliodungwa dozi kubwa waliona vizuri kuliko waliotibiwa kwa leza, lakini kufikia miaka 2 wa leza walikuwa wamewapita. Mwaka 2010 ukaja utafiti mwingine. Wagonjwa waliokwisha kutolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi bandia, wakapewa triamsinoloni pamoja na leza, walifanya vizuri karibu sawa na waliodungwa ranibizumabu, dawa inayozuia mishipa kuvuja kwa njia nyingine.

Tangu hapo swali kubwa limekuwa namna ya kuifanya dawa ikae. Kipo kijiti kidogo cha deksamethasoni, steroidi nyingine, cha miligramu 0.7, kinachodungwa ndani ya jicho na kinachoyeyuka chenyewe kwa miezi kadhaa. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2009 kwa waliozibwa vena (mshipa unaorudisha damu) ya retina, na mwaka 2014 kwa wenye kisukari. Katika majaribio ya miaka 3 kwa wenye kisukari, wagonjwa 22 kati ya 100 walipata nafuu ya mistari 3 au zaidi kwenye ubao wa herufi, dhidi ya 12 kati ya 100 kwa wale ambao hawakupewa dawa. Lakini wenye lenzi zao za asili, 68 hivi kati ya 100 walipata mtoto wa jicho. Kipo pia cha fluosinoloni, nayo ni steroidi, kinachotoa dawa hadi miezi 36.

Matokeo ya mwaka 2018 mimi nayaona ya maana sana. Wagonjwa ambao ranibizumabu haikuwatosha waliongezewa deksamethasoni. Retina ikapungua unene, ila kwa wastani hawakuona vizuri zaidi ya wenzao. Kwa hiyo picha ya mashine ikija nzuri, bado muulize mama kuhusu nondo zake.

Sisi tuko mbali. Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni. Hicho cha miaka 3 si ndicho kinatufaa?

Kinapunguza safari za sindano, na nauli ni jambo zito, sitalipuuza. Lakini steroidi hupandisha presha ya jicho. Katika majaribio ya fluosinoloni, wapatao 38 kati ya 100 walihitaji dawa za kuishusha, na wachache wakafanyiwa upasuaji. Presha hiyo mara nyingi haiumi wala haitoi machozi; inaua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, na kilichokufa hakirudi. Hivyo kabla mama hajakubali, ulizeni: presha yake itapimwa wapi hapa Kigoma, na kila baada ya muda gani? Kupima kwenyewe ni dakika chache tu. Kama hakuna jibu, dawa ya kukaa muda mrefu ni hatari kwake.

Kwa wengi, sindano za kundi la ranibizumabu ndizo huanza. Steroidi huwafaa zaidi wenye lenzi bandia, wasio na glaukoma (ugonjwa wa presha ya jicho), na ambao dawa ya kwanza haikuwasaidia.

Nina matone ya deksamethasoni niliyonunua duka la dawa. Nimtie wakati tunasubiri?

Hapana, ndugu yangu. Matone hayo si tiba ya uvimbe wa makula wa kisukari, lakini presha ya jicho yanaweza kuipandisha. Na kama jicho lina kidonda cha fangasi, yanakipa nguvu huku wekundu ukipungua, mkadhani anapona. Kama ameshayatumia kwa wiki kadhaa, mpeleke kliniki ya macho apimwe presha, na hiyo chupa ibebeni waione.